Baga ya kimchi, safari ya dakika 40 na chakula kinacholala mezani

"Tunaishi kitongoji kimoja nje ya Dallas, Texas. Kila Ijumaa mume wangu akitoka zamuni hupitia mgahawa unaouza baga za mchanganyiko wa Kiasia, akafungashiwa chakula cha familia nzima: baga ya ng'ombe yenye kimchi (kabichi ya Kikorea iliyochachushwa) na mayonezi ya gochujang (rojo ya pilipili ya Kikorea), baga ya kuku wa kukaanga, na wakati mwingine ile ambayo mahali pa mkate pana vipande viwili vya wali uliokandamizwa. Hadi afike nyumbani ni dakika 40. Nina ujauzito wa miezi mitano, na mtoto wetu wa miaka minne ana mzio wa karanga. Mkate hufika umelowa. Kimchi inanuka uchachu na sijui kama imeharibika. Wiki iliyopita nyama ilikuwa na wekundu katikati, nikaiacha. Wifi yangu anasema tatizo ni ajinomoto, kwamba ndiyo inayompa maumivu ya kichwa na kwamba itamdhuru mtoto aliye tumboni. Mume wangu anaona tunakuza mambo. Yeye baga iliyobaki huikuta mezani asubuhi, huipasha kwenye maikrowevu na kuila, na hajawahi kuugua. Je, tuache kabisa kununua chakula hiki?"

Dada yangu, hamhitaji kuacha kabisa, ila yapo mambo manne ya kubadilisha, na moja kati ya hayo ni la kubadilisha leo. Nikiyasoma maswali yako kwa pamoja naona yote yanatoka kwenye hofu moja, kwamba vitu vigeni vilivyomo ndani ya baga hiyo vinaweza kukudhuru wewe na watoto. Hofu hiyo ina msingi, lakini imeelekezwa pasipo. Kimchi na ajinomoto, vinavyokutisha zaidi, ndivyo vyenye hatari ndogo katika mfuko ule. Hatari kubwa imo katika vitu unavyovijua tangu utotoni: nyama ya kusaga, wali, karanga, na muda unaopita kabla chakula hakijaliwa. Sentensi iliyonishtua ni ile uliyoigusia mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, ya baga inayolala mezani.

Basi nianze na hiyo. Bakteria wanaosababisha maradhi ya tumbo huzaliana kwa kasi katika joto lililo kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60 za Selsiasi, na wakipata unyevu na lishe wengine huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Ndiyo maana Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na kwamba joto la mahali likizidi nyuzi 32 muda huo upunguzwe hadi saa 1. Dallas wakati wa kiangazi hupita nyuzi 32 siku nyingi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani ni zaidi ya hapo. Baga iliyonunuliwa saa mbili usiku na kuokotwa mezani saa kumi na mbili asubuhi imekaa nje saa 10.

Mumeo atasema kwamba maikrowevu huua vijidudu, na hapo ana nusu ya ukweli. Joto la kutosha huua bakteria wenyewe, lakini baadhi yao huwa wameshaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiharibiwi na joto la jikoni. Wali ni mfano mzuri. Mchele mbichi mara nyingi huwa na chembe za uzazi za bakteria aitwaye Bacillus cereus, chembe ngumu zinazoweza kustahimili mchemko wa sufuria. Wali ukiachwa upoe polepole mahali penye joto, chembe hizo huamka, bakteria huzaliana, na aina moja ya sumu wanayoitengeneza huleta kutapika ndani ya saa chache, hata kama wali huo umepashwa hadi unatoa moshi. Bakteria wengine, Staphylococcus aureus, hutoka kwenye ngozi na pua za watu, huingia chakulani kupitia mikono, nao huacha sumu ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo baga ya wali iliyolala mezani ndiyo mbaya kuliko zote, na ile ya nyama haiko mbali nayo. Kwamba hajaugua hadi sasa si ushahidi wa usalama. Ni mtu mzima mwenye afya aliyekuwa na bahati, na bahati hiyo haimhusu mjamzito wala mtoto wa miaka minne.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: saa inaanza kuhesabiwa chakula kinapotoka jikoni kwa mgahawa, si kinapofika kwenu. Ikiwa safari imechukua dakika 40 katika joto la Julai, zimebaki dakika 20 tu za kuamua nini kinaliwa na nini kinaingia kwenye friji. Kinachohifadhiwa kiwekwe wazi au kwenye chombo kifupi ili kipoe haraka, na kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Kwako wewe mjamzito ningependa kiliwe kesho yake, kwa sababu bakteria wa Listeria, nitakaowaeleza mbele kidogo, huzaliana hata ndani ya friji. Wakati wa kupasha, toa majani na kachumbari, kisha pasha nyama hadi katikati yake ifike nyuzi 74.

Sasa nyama yenye wekundu. Ulifanya vyema kuiacha, ingawa sababu uliyoitumia, yaani rangi, haitoshi. Watu wengi hujiuliza kwa nini mnofu mzima wa ng'ombe unaweza kuliwa ukiwa mwekundu ndani huku nyama ya kusaga ikikatazwa. Tofauti iko kwenye mashine ya kusagia. Bakteria hatari wa utumbo wa ng'ombe, hasa E. coli O157:H7, hukaa juu ya nyama, walikoenezwa wakati wa kuchinja na kuchuna. Mnofu ukichomwa nje wanakufa. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu kinaingia katikati, tena kipande kimoja cha baga kinaweza kuwa na nyama ya ng'ombe kadhaa. Mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, baga za mgahawa mmoja mkubwa zilizopikwa bila kuiva ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na watoto 4 wakafariki. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kwamba nyama ya kusaga yenye bakteria huyo haifai kuuzwa.

Rangi hudanganya pande zote mbili. Ipo nyama inayogeuka kahawia mapema kabla haijafikia joto salama, na ipo inayobaki na wekundu ingawa imeiva, kutegemea asidi ya nyama yenyewe, umri wake na viungo vilivyochanganywa nayo. Katika baga yenye gochujang, rangi ya pilipili nayo inaweza kuzidisha utata. Kipimo cha kweli ni joto: nyuzi 71 katikati ya kipande cha nyama ya kusaga, nyuzi 74 kwa kuku. Kipimajoto chenye ncha ya sindano huuzwa bei nafuu katika maduka ya vyombo, nami nakihesabu kuwa kifaa cha lazima katika nyumba yenye mjamzito. Lakini elewa mipaka yake kwa chakula cha kufungashiwa: baada ya dakika 40 nyama imepoa, na kipimajoto hakiwezi kukuambia ilifika nyuzi ngapi jikoni. Kinaweza kukusaidia kuirudisha kwenye oveni hadi nyuzi 71, jambo linalowezekana kabisa ikiwa haijapitisha muda wake.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika wakati wa kuagiza. Mumeo aseme waziwazi kwamba nyama iive kabisa, bila wekundu, kwa sababu ni ya mjamzito na mtoto mdogo. Kanuni za chakula zinazofuatwa na migahawa mingi ya Marekani hutaka nyama ya kusaga ifikie nyuzi 68 na kubaki hapo kwa sekunde 17, lakini humruhusu mteja mzima kuomba isiyoiva, na ndiyo maana orodha ya vyakula huwa na kinyota na onyo dogo chini ya ukurasa. Ukiliona onyo hilo karibu na jina la baga, jua kwamba mahali hapo hupika nyama kwa viwango tofauti, na usipotaja chako utapewa cha kawaida yao. Aulize pia mambo mawili ambayo watu husahau: kama juu ya baga huwekwa yai lenye kiini kinachotiririka, kama zilivyo baadhi ya baga za mtindo wa Kikorea, na kama mayonezi hutengenezwa hapohapo kwa mayai mabichi. Mayonezi ya chupa kutoka kiwandani hutengenezwa kwa mayai yaliyopitishwa kwenye joto, tena ina asidi, kwa hiyo hiyo haina shida. Chipukizi mbichi za choroko au alfalfa, ambazo migahawa hii huzipenda kwa sababu hutafunika vizuri, waziache. Unyevu na joto vinavyoziotesha ndivyo vinavyowastawisha bakteria, na mamlaka za afya huwashauri wajawazito wasizile zikiwa mbichi.

Tukija kwenye kimchi, harufu inayokutia shaka ndiyo dalili kwamba kazi yake imefanyika. Kabichi ya Kichina hutiwa chumvi, pilipili, vitunguu saumu na tangawizi, kisha huachwa ichachuke. Chumvi huwazuia bakteria wengi waharibifu, huku wale wanaotengeneza asidi ya laktiki wakistawi, na asidi hiyo hushusha kipimo cha pH hadi kati ya 4.2 na 4.5 kimchi inapoiva. Katika uchachu huo bakteria wengi wa maradhi hushindwa kuendelea kuzaliana. Kanuni yake haina tofauti na ile ya maziwa mgando, ambayo sidhani umewahi kuyamwaga kwa sababu yanachachuka. Kimchi iliyoharibika huwa na ukungu wa rangi au harufu ya kuoza, si ya uchachu.

Hata hivyo mimba hubadilisha hesabu kidogo. Kimchi hailetwi ikiwa imepikwa, na migahawa mingine hutumia iliyotengenezwa siku hiyohiyo, ambayo bado haijapata asidi ya kuilinda. Mjamzito ana uwezekano wa kuugua Listeria takribani mara 10 kuliko watu wengine, na ugonjwa huo, ambao kwa mama unaweza kufanana na mafua tu, unaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Uwezekano wa kuupata kwenye kimchi iliyoiva ni mdogo, nami sitakuita mzembe ukiila. Lakini ipo njia rahisi inayoondoa hata huo mdogo: omba kimchi ikaangwe kwenye bamba la moto pamoja na nyama. Wakorea wenyewe huila hivyo mara kwa mara, na kwa maoni yangu baga hupata ladha nzuri zaidi, kwa sababu uchachu hupungua ukali na maji hukauka.

Kuhusu ajinomoto, mwambie wifi yako kwa upole kwamba hofu hii ina historia ndefu kuliko ushahidi. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda alitenga glutamati, kiini cha ladha ya ajinomoto, kutoka kwenye mwani wa kombu, na mwaka 1909 ikaanza kuuzwa kwa jina ambalo sisi tunalijua hadi leo madukani. Glutamati hiyohiyo imo kwenye nyanya mbivu, uyoga na jibini iliyokomaa, na mwili hautofautishi iliyotoka kwenye nyanya na iliyotoka kwenye pakiti. Tuhuma zilienea baada ya barua ya daktari mmoja kuchapishwa katika jarida la kitabibu la Marekani mwaka 1968, akieleza ganzi ya shingo, unyonge na moyo kwenda mbio baada ya kula katika migahawa ya Kichina, na yeye mwenyewe alitaja sababu kadhaa zinazowezekana. Majaribio yaliyofuata, ambamo si mshiriki wala mtafiti aliyejua nani amepewa nini, hayakuweza kuonyesha madhara yanayojirudia kwa viwango vya kawaida vya chakula. Wapo watu wachache wanaoweza kuhisi kichwa kuuma au uso kuwaka moto kwa muda mfupi wakinywa gramu 3 au zaidi bila chakula, ilhali mlo wa kawaida huwa na chini ya nusu gramu. Na sehemu kubwa ya glutamati tunayokula hutumiwa na utumbo wenyewe kama nishati kabla haijaingia kwenye damu, kwa hiyo sioni sababu ya kuihofia kwa ajili ya mtoto aliye tumboni.

Simkatalii wifi yako kwamba kichwa kinamuuma. Nashuku chumvi na kiu kwanza. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina miligramu 900 hivi za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Ongeza kimchi, gochujang, chipsi na viazi vyenye unga wa viungo, na mlo mmoja unaweza kuumaliza mgawo huo wote. Ikiwa kliniki wamekuambia uangalie shinikizo la damu, basi sodiamu ndiyo ya kuwaza, si ajinomoto.

Mtoto mwenye mzio ndiye anayenitia wasiwasi kuliko nyote, na hapa sitalainisha maneno. Jiko la mchanganyiko wa Kiasia hutumia karanga mahali ambapo huwezi kuziona: katika mchuzi wa satay, katika mafuta ya pilipili yenye chengachenga, katika karanga zilizopondwa na kunyunyizwa juu ya saladi. Protini ya karanga haiharibiwi na kukaanga, hivyo kuku aliyepikwa kwenye karai moja na kitu chenye karanga anaweza kuibeba protini hiyo bila mwenye duka kujua. Sheria ya Marekani inayowalazimu watengenezaji kutaja vizio vikuu, ambavyo tangu Januari 2023 ni 9 baada ya ufuta kuongezwa, inahusu vyakula vilivyofungwa viwandani. Baga iliyopikwa ukisubiri haiji na lebo hiyo. Mumeo asiulize tu kama baga ina karanga, kwa maana muuzaji wa dirishani atajibu anachokumbuka. Aongee na msimamizi wa jiko, aulize kuhusu karai, ubao wa kukatia na kijiko cha mchuzi. Jibu likiwa la kusitasita, mtoto asile chakula kutoka pale. Mkaangieni baga yake nyumbani, naye atakula na wenzake mezani bila mtu kuogopa. Tena msile zenu kisha mkamshike kabla ya kunawa kwa sabuni. Dawa ya kusafishia mikono isiyo na maji haiondoi protini ya karanga.

Limebaki suala la mkate uliolowa, ambalo kiafya si kitu, ingawa najua linaudhi. Nyama ya moto hutoa mvuke. Mvuke ukigonga kifuniko baridi hugeuka maji na kuangukia mkate, huku unyevu wa ndani ya kuku ukisafiri kwenda kwenye ganda lililokuwa kavu. Baga hizi zilibuniwa ziliwe palepale. Kampuni ya MOS Burger ya Japani ilianza kuuza baga ya teriyaki mwaka 1973 na ya wali mwaka 1987, na baga ya tambi za ramen iliyovuta foleni Brooklyn mwaka 2013 ililiwa na watu waliosimama sokoni. Kwa safari ya dakika 40, aombe michuzi itiwe kando, kimchi iwekwe kwenye kikopo, na boksi liachwe wazi kidogo upande mmoja. Utapoteza joto fulani kwa kufanya hivyo, na hapo ndipo ukavu wa mkate na usalama vinapovutana. Lakini kwa kuwa mnakula mara tu anapofika, naona ni bei inayolipika. Mfuko uwe ndani ya gari lenye kiyoyozi, si kwenye buti. Na kama kuna kuku aliyekaangwa mara mbili kwa mtindo wa Kikorea, achague huyo: ganda lake jembamba limeshapoteza maji mengi na huvumilia safari kuliko lolote jingine.

Mwisho, kuhusu kumwona daktari. Mtoto akipata vipele, uvimbe wa midomo, kutapika ghafla au kupumua kwa shida baada ya kula, mchomeni sindano ya epinefrini aliyoandikiwa na mpige simu ya dharura 911 papo hapo, hata kama anaonekana kupata nafuu, kwa sababu dalili zinaweza kurudi. Ikiwa bado hana sindano hiyo, panga miadi na daktari wake wiki hii. Yeyote kati yenu akiharisha damu, akishindwa kubakiza maji tumboni, akiwa na homa inayozidi nyuzi 38.9 au akiendelea kuharisha zaidi ya siku 3, aende hospitali, na msimpe mtoto anayeharisha damu dawa za kufunga choo wala antibiotiki mlizonazo nyumbani, kwani kwa E. coli zinaweza kuzidisha madhara. Mtoto akiwa mweupe usoni na mkojo ukapungua takribani wiki moja baada ya kuanza kuharisha, hiyo ni dharura ya figo. Na wewe, ukipata homa yenye maumivu ya misuli, hata bila kuharisha na hata kama wiki kadhaa zimepita tangu ule chakula unachokitilia shaka, mpigie daktari wa ujauzito siku hiyohiyo, umtajie ulichokula na umwombe akupime damu kwa ajili ya Listeria, kwa sababu antibiotiki zikianza mapema zinaweza kumkinga mtoto.